Kolamu zilizokufa mapema: uchambuzi wa kisa cha kolamu za kapilari zilizoshindiliwa maabarani

Usuli

Maabara inayozungumziwa hapa hutoa huduma ya proteomiki, yaani uchunguzi wa protini nyingi kwa pamoja, kwa watafiti wa fani mbalimbali. Hupokea protini zilizokwisha kukatwakatwa kwa kimeng'enya cha tripsini kuwa vipande vifupi viitwavyo peptidi, huzitenganisha peptidi hizo kwa kromatografia ya kimiminika yenye mtiririko wa kiwango cha nanolita, kisha huzipima kwa spektromita ya tungamo. Jina lake, mahali ilipo na wateja wake vimeachwa kwa makusudi, na namba zinazohusu kazi yake ya kila siku zimekadiriwa ili isitambulike.

Kama zilivyo maabara nyingi za aina hii, ilikuwa ikishindilia kolamu zake yenyewe, yaani mirija myembamba iliyojazwa chembe ambamo peptidi hutengana. Kapilari ya silika yenye kipenyo cha ndani cha mikromita 75 na cha nje cha mikromita 360 huvutwa kwa leza mpaka mwisho wake mmoja uwe ncha nyembamba; mwisho wa pili huingizwa katika chombo cha shinikizo ambamo kuna kichupa chenye rojo la chembe za C18 (silika iliyofunikwa minyororo ya kaboni 18 inayonasa peptidi) ndani ya methanoli. Gesi ya heliamu hulisukuma rojo hilo ndani ya kapilari. Chembe zinapofika nchani hukwamana zenyewe kwa zenyewe kwenye mdomo ulio mpana kuliko chembe moja moja, na kuanzia hapo mshindilio hujengeka ukirudi nyuma, sentimita baada ya sentimita, hadi urefu unaotakiwa. Hakuna kizuizi kilichotengenezwa mbele. Hakuna pia kizuizi chochote nyuma, upande ambao sampuli huingilia, na jambo hilo la pili ndilo litakalokuwa na uzito katika kisa hiki.

Faida ya utaratibu huu ni kwamba kolamu na ncha ya kunyunyizia ni kitu kimoja, hivyo hakuna kiungio kati yake ambacho kingeacha ujazo mfu (nafasi tupu isiyo na chembe) na kuvitanua vilele, yaani alama za peptidi kwenye mchoro wa kipimo, baada ya peptidi kutengana. Hasara yake ni kwamba kolamu haiwezi kugeuzwa ikasafishwa kinyumenyume, na ncha ikiharibika kolamu nzima imekwisha.

Maelekezo ya ushindiliaji yaliyokuwa yamebandikwa ukutani yalikuwa ya zamani kidogo. Yaliandikwa wakati maabara ilipotumia chembe za mikromita 3 katika kolamu za sentimita 15, na yaliagiza shinikizo la heliamu la bari 100. Baadaye maabara ilihamia kwenye chembe za mikromita 1.9 na urefu wa sentimita 30, ikiwa na mtiririko uleule wa nanolita 300 kwa dakika na tanuri la kolamu lilelile la nyuzi 50 za Selsiasi. Maelekezo ya ukutani yalirekebishwa urefu na aina ya chembe. Bari 100 zilibaki palepale.

Tatizo lilivyojitokeza

Kwa muda kolamu mpya zilidumu vizuri, nyingi zikipita mwezi mmoja wa kazi ya mfululizo. Kisha, katika kipindi kifupi, zikaanza kufa ndani ya wiki moja au pungufu. Baadhi zilipandisha shinikizo mpaka pampu ikajizima yenyewe. Nyingine zilitoa vilele vipana vyenye mikia ilhali shinikizo lilikuwa la kawaida. Chache ziliacha kunyunyiza sawasawa zikawa zinadondosha matone. Katika daftari la chombo zote ziliandikwa neno moja: imekufa.

Mambo mawili yalikuwa yamebadilika karibu wakati mmoja. La kwanza, maabara ilikuwa imeanza kupokea sampuli za tishu zenye mafuta mengi, ambazo baadhi zilitayarishwa na wateja wenyewe kwa kutumia deterjenti ya sodiamu dodesili salfeti. La pili, ili kuokoa muda kati ya sampuli na sampuli, utaratibu wa kupakia sampuli kwenye kolamu ulikuwa umebadilishwa: badala ya kupakia kwa mtiririko maalumu, pampu iliamriwa isukume kwa shinikizo lisilobadilika la bari 600 mpaka ujazo uliopangwa uishe. Badiliko la kwanza lilikumbukwa na kila mtu, kwa sababu tishu zile zilikuwa na sifa mbaya tangu siku zilipopokelewa. La pili lilikuwa ndani ya faili la mipangilio ambalo hakuna aliyelifungua tena.

Hatua ya kwanza: sampuli zashukiwa

Timu ilianza na sampuli, na ni vigumu kuilaumu kwa hilo. Mafuta, mabaki ya deterjenti, protini ambazo hazikukatwa na nyuzi zinazotoka kwenye vichujio vya kusafishia ni wauaji wanaojulikana wa kolamu zenye chembe ndogo. Iliamuliwa kwamba kila sampuli ioshwe upya kwa diski za C18 ndani ya ncha za pipeti, izungushwe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 16,000 kwa dakika 10, sehemu ya juu tu ihamishiwe kwenye kichupa kipya, na sindano ya kichukua sampuli ipandishwe kidogo ili isiguse kitako. Kichujio cha utando nacho kilijaribiwa kikaachwa mapema, kwa kuwa sampuli zenye peptidi chache zilipoteza sehemu kubwa ya peptidi zake juu ya utando.

Vifo vya shinikizo kupanda vilipungua. Vifo vya vilele vipana havikupungua hata kidogo. Hapo palikuwa na dokezo kubwa, lakini kwa kuwa daftari halikutofautisha aina za vifo, kilichoonekana ni wastani wa maisha uliosogea mbele kidogo tu, na timu ikahitimisha kwamba usafishaji bado hautoshi. Wiki kadhaa zaidi zilitumika kuongeza hatua za kuosha.

Hatua ya pili: shehena mpya ya chembe

Ikaja dhana kwamba shehena ya chembe ilikuwa mbovu. Shehena nyingine ikafunguliwa, kolamu zikashindiliwa kwa maelekezo yaleyale, na zikafa vilevile.

Kuzichungua kolamu zilizokufa

Mgeuko wa kisa hiki ulitokana na tabia ya fundi mmoja ambaye hakuwa akitupa kolamu zilizokufa. Alikuwa akizikunja na kuzihifadhi katika kisanduku, kila moja ikiwa na karatasi ya tarehe. Timu iliamua kuziweka zote chini ya hadubini, moja baada ya nyingine, na kulinganisha kilichoonekana na mistari ya shinikizo iliyohifadhiwa na pampu.

Polimidi inayofunika kapilari ni ya rangi ya kahawia-manjano, lakini mwanga ukipita kutoka chini mshindilio huonekana vizuri: sehemu yenye chembe ni nzito na sehemu tupu ni angavu. Kolamu ziligawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilikuwa na weusi katika milimita chache za mwanzo, mahali sampuli inapoingilia. Hizo ndizo zilizopandisha shinikizo polepole, na mbili kati yake zilipokatwa sentimita moja kichwani zilirudi kwenye shinikizo la kawaida. Huu ulikuwa uchafu wa sampuli, na usafishaji mpya ulikuwa umekwisha kulipunguza kundi hili.

Kundi la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko mengine, halikuwa na weusi wowote. Lilikuwa na pengo. Mshindilio ulikuwa umeshuka kutoka mahali ulipokuwa siku kolamu ilipokatwa kwa urefu wake, wakati mwingine kwa milimita kadhaa, wakati mwingine kwa zaidi ya sentimita, na uso wake wa juu haukuwa sawa. Katika baadhi ya kolamu ulikuwa umeinama upande mmoja, na katika moja palikuwa na pengo jingine dogo katikati ya mshindilio, kana kwamba sehemu ya juu ilinyanyuka ikashuka bila kurudi mahali pake. Mistari ya shinikizo ya kolamu hizi ilikuwa tulivu hadi siku ya mwisho.

Kundi la tatu lilikuwa na vipande vidogo, vidogo kuliko chembe zenyewe, vilivyojaa nchani. Shinikizo la kolamu hizo lilikuwa juu tangu siku ya kwanza. Zilitumika hivyohivyo kwa matumaini kwamba zingetulia.

Jaribio la sampuli safi

Pengo lingeweza bado kuelezwa kwa sampuli: mafuta yangeweza kubadilisha uso wa chembe, au deterjenti ingeweza kuzilegeza. Ili kulimaliza suala hilo, timu ilichukua uamuzi ambao haukupendwa na kila mtu, wa kuitoa kolamu mpya na muda wa chombo kwa ajili ya sampuli moja tu iliyo safi: albumini ya seramu ya ng'ombe iliyokatwa kwa tripsini, iliyotayarishwa katika maabara hiyohiyo bila deterjenti, ikipakiwa tena na tena kwa utaratibu uleule wa bari 600. Hakuna sampuli ya mteja iliyogusa kolamu hiyo.

Ndani ya siku chache vilele vilianza kutanuka. Chini ya hadubini kulikuwa na pengo.

Hesabu iliyokuwa imesahaulika

Shinikizo linalohitajika kusukuma kimiminika kupitia mshindilio huongezeka kwa uwiano wa urefu wa kolamu, mnato wa kimiminika na kasi yake, na hupungua kwa uwiano wa mraba wa kipenyo cha chembe. Kwa mtiririko na joto vilevile, kutoka sentimita 15 hadi 30 ni mara mbili, na kutoka mikromita 3 hadi 1.9 ni takribani mara mbili na nusu. Vikizidishwa ni mara tano. Kolamu mpya zilifanya kazi kwenye bari 350 hivi, maana yake kolamu za zamani zilihitaji bari 70 hivi.

Hivyo maelekezo ya bari 100 yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Mshindilio uliojengwa kwa bari 100 kisha ukatumika kwa bari 70 haukukutana na nguvu ambayo haukuwa umekwisha kuizoea. Kolamu mpya zilijengwa kwa bari 100 zikatumika kwa 350, na baadaye zikapigwa 600 kila sampuli ilipopakiwa. Mpangilio uligeuka kichwa chini bila mtu yeyote kugusa namba hiyo ukutani. Chembe ambazo hazikuwa zimebanana kikamilifu zilijipanga upya chini ya nguvu kubwa zaidi, mshindilio ukafupika, na pengo likaachwa kichwani.

Kwa nini basi kolamu za mwanzo za mikromita 1.9 zilidumu mwezi? Maelezo yanayolingana na kumbukumbu ni kwamba zilipandishwa polepole hadi bari 350, zikajibana kidogo, kisha zikatulia hapo. Upakiaji wa bari 600 ulileta mambo mawili mapya kwa pamoja, yaani nguvu iliyo kubwa zaidi na mshtuko wa kushuka. Mwishoni mwa upakiaji vali iligeuka wakati mrija wa pampu ungali na bari 600, na shinikizo kichwani mwa kolamu likaanguka mara moja. Kimiminika kilichobanwa ndani ya kolamu hutanuka na hutafuta njia ya kutokea. Mbele kuna ncha nyembamba, nyuma kuna mdomo ulio wazi usio na kizuizi. Sehemu ya kimiminika ilirudi nyuma na kuzinyanyua chembe za juu. Lile pengo la katikati lililoonekana katika kolamu moja ni vigumu kulieleza kwa njia nyingine.

Mabadiliko yaliyofanywa

Chombo cha heliamu hakingeweza kwenda mbali zaidi ya bari 100 kwa usalama, na hakuna aliyependekeza kukilazimisha. Hata kwa bari 100 chombo hicho hakifunguliwi kabla gesi haijatolewa yote na kipimo kusoma sifuri, na miwani ya kinga huvaliwa muda wote, kwa kuwa kapilari inayochomoka chini ya shinikizo hilo huruka kama mshale. Iliamuliwa kwamba chombo kibaki kwa ajili ya kujaza tu, na kubana kufanywe na pampu ya kromatografia yenyewe.

Utaratibu mpya ulikuwa hivi. Kapilari hujazwa hadi sentimita tatu au nne zaidi ya urefu unaotakiwa. Shinikizo la heliamu hushushwa taratibu, kolamu huunganishwa na pampu, na mchanganyiko wa asetonitrili na maji hupitishwa huku shinikizo likipandishwa kwa hatua hadi juu kidogo ya bari 600, yaani juu ya kiwango kikubwa kuliko vyote ambacho kolamu itakutana nacho kazini. Alama huwekwa kwenye kapilari mahali uso wa mshindilio ulipo, na kolamu huachwa chini ya shinikizo hilo kwa saa kadhaa mpaka uso uache kushuka. Kisha pampu husimamishwa, na kolamu huachwa ijishushe yenyewe kupitia nchani, bila kufungua kiungio chochote. Baada ya hapo tu ndipo hukatwa kwa kigae cha kukatia kapilari, ndani ya sehemu iliyobanwa, na mkato hukaguliwa kwa hadubini, kwa sababu mkato ulioparuza huacha vigae vya silika ambavyo huishia kwenye mshindilio wenyewe.

Sambamba na hilo, upakiaji ulishushwa hadi bari 450, na hatua ya kusubiri shinikizo lishuke iliongezwa kabla ya vali kugeuka. Utaratibu wa kuzima nao ulirekebishwa. Ilikuwa imezoeleka kuzima tanuri kwanza, kisha pampu. Mnato wa maji ni takribani milipaskali-sekunde 1.00 kwa nyuzi 20 na 0.55 kwa nyuzi 50, kwa hiyo pampu inayoendelea kusukuma kwa mtiririko uleule wakati kolamu inapoa huelekea kulifanya shinikizo liwe karibu mara mbili, na hilo lilikuwa likitokea kila Ijumaa jioni bila kuandikwa popote.

Kuhusu kundi la tatu, macho yaligeukia kichupa cha rojo. Rojo moja lilikuwa likitumika kwa wiki nyingi, likikorogwa na kijiti cha sumaku kwa saa nyingi kila mara. Kijiti kikizunguka kwenye kitako cha kichupa huzisaga chembe za silika, na vipande vinavyotokana hufika nchani kabla ya chembe nzima. Sasa rojo jipya hutengenezwa kwa kila kundi la kolamu, hutawanywa kwanza ndani ya beseni la mawimbi ya sauti, na kijiti huzungushwa kwa kasi ndogo inayotosha tu kuzuia chembe zisitulie.

Njia nyingine mbili zilijadiliwa zikaachwa. Ya kwanza ni kuweka kolamu fupi ya kunasia mbele ya kolamu kuu. Ingezuia uchafu, lakini isingegusa pengo, na ingeongeza viungio viwili. Ya pili ni kuacha kushindilia na kutumia kolamu zilizotengenezwa kiwandani. Kwangu hii ya pili si njia ya aibu hata kidogo, na kwa maabara yenye mtu mmoja tu anayejua kushindilia ningeipendekeza bila kusita. Hapa iliahirishwa kwa kuwa chanzo kilikuwa kimekwisha kujulikana.

Matokeo

Wakati wa kubanwa, mshindilio wa kolamu za mwanzo ulishuka kwa kiasi kinachokaribiana sana na mapengo yaliyoonekana katika kundi la pili. Hilo peke yake lilikuwa ushahidi mzuri: pengo lililokuwa likitokea taratibu kazini sasa lilikuwa linatokea mapema, kabla ya kukatwa, mahali ambapo haliwezi kudhuru.

Kolamu zilirudi kudumu zaidi ya mwezi mmoja. Vifo vya vilele vipana kwa shinikizo la kawaida karibu vilitoweka. Kolamu zilizoendelea kufa mapema zilikuwa za sampuli za tishu, na zilikufa kwa weusi kichwani. Nyingi kati ya hizo hupewa maisha ya ziada kwa kukatwa sentimita moja. Sehemu kubwa ya vifo vilivyobaki ni vya ncha, ambavyo ushindiliaji haukuwahi kuwa sababu yake.

Kwa kuwa kubana na kupunguza shinikizo la upakiaji vilianzishwa kwa pamoja, haikujulikana mara moja ni lipi lililofanya kazi. Baada ya hali kutulia, timu ilirudisha upakiaji wa bari 600 kwenye kolamu kadhaa zilizobanwa, ikiibakiza hatua ya kusubiri shinikizo lishuke. Zilidumu. Baadaye hatua hiyo ya kusubiri iliondolewa kwenye kolamu mbili, na moja kati yake ilipata pengo dogo. Idadi hiyo ni ndogo mno kuhukumia, lakini inatosha kuiacha hatua hiyo ya dakika moja mahali pake.

Uchambuzi: vifo vitatu chini ya neno moja

Kosa lililorefusha kisa hiki lilikuwa la uandishi wa daftari kabla ya kuwa la kemia. Shinikizo linalopanda na vilele vinavyobaki vyembamba ni kuziba. Shinikizo lililo la kawaida na vilele vinavyotanuka ni mshindilio uliovurugika au kiungio kilicholegea. Shinikizo lililo juu tangu mwanzo ni tatizo la ushindiliaji wenyewe, na halina uhusiano wowote na sampuli ambazo bado hazijapakiwa. Dalili hizi tatu zilikuwepo katika kumbukumbu za pampu tangu wiki ya kwanza. Zilipounganishwa katika wastani mmoja wa siku za kuishi, tiba iliyofaulu kwa kundi la kwanza ilionekana kama tiba iliyoshindwa kwa wote, na juhudi zikaongezwa mahali ambapo kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Ni rahisi pia kuiona hatua ya kwanza kuwa ilikuwa upotevu wa muda. Sioni hivyo. Usafishaji ulihitajika na ungali unahitajika. Kilichokosekana ni swali moja baada yake: ni kolamu zipi zilizopona, na ni zipi ambazo hazikupona?

Uchambuzi: kwa nini pengo lilijificha

Msomaji anayeijua kazi hii atauliza ni vipi pengo la sentimita moja lilipita bila kuonekana katika muda wa kutoka wa peptidi. Hesabu inajibu. Sentimita moja ya kapilari ya mikromita 75 ina ujazo wa takribani nanolita 44, na kwa nanolita 300 kwa dakika hiyo ni takribani sekunde 9. Katika gradienti (ongezeko la polepole la kiyeyushi kinachozitoa peptidi kwenye kolamu) ya saa moja au mbili, hakuna anayezishtukia sekunde 9, hasa pale ambapo tofauti kati ya kolamu na kolamu ni kubwa kuliko hizo.

Zaidi ya hayo, gradienti yenyewe husaidia kuficha. Peptidi zinazopenda C18 hunaswa upya juu ya mshindilio hata zikiwa zimetawanyika ndani ya pengo, kwa hiyo vilele vyake hubaki vyembamba kwa muda. Peptidi zinazopenda maji, zile zinazotoka mapema, hazinaswi vizuri, na ndizo zinazotanuka kwanza. Sampuli ya udhibiti ya maabara hii ilikuwa ikitathminiwa kwa upana wa wastani wa vilele vyote na kwa idadi ya protini zilizotambuliwa, vipimo viwili ambavyo huchelewa kuonyesha tatizo la aina hii. Walipoanza kufuatilia peptidi mbili tu za albumini zinazotoka mwanzoni kabisa mwa gradienti, dalili ilionekana siku kadhaa kabla ya idadi ya protini kuanza kushuka.

Shinikizo nalo halikusaidia, kwa kuwa mshindilio uliofupika kidogo lakini ukabanana zaidi hutoa upinzani unaokaribia ule wa awali. Anayengoja pampu imwambie kwamba kuna pengo atangoja sana.

Uchambuzi: jaribio lililogharimu na lililolipa

Uamuzi wa kuitoa kolamu kwa sampuli safi ulikuja mwishoni, ilhali ndio pekee uliotenganisha dhana mbili zilizokuwa zikigombana. Kuongeza usafishaji kusingeweza kuthibitisha kwamba sampuli hazihusiki, kwa sababu kila kushindwa kungeelezwa kwa uchafu uliobaki. Kubadilisha shehena ya chembe kusingeweza kuthibitisha chochote kuhusu shinikizo la ushindiliaji. Sampuli safi chini ya utaratibu mbaya iliweza, na ingeweza kufanywa katika wiki ya pili. Sababu iliyotajwa ya kuchelewa ilikuwa foleni ya wateja. Ukihesabu kolamu zilizokufa katika kipindi hicho na sampuli zilizopimwa upya, foleni ilirefushwa zaidi na kungoja kuliko ambavyo ingerefushwa na jaribio.

Kuhusu kolamu zilizokuwa na shinikizo juu tangu siku ya kwanza, maabara sasa ina kikomo: kolamu mpya inayozidi matarajio kwa zaidi ya robo baada ya kubanwa haiwekwi kwenye chombo. Fundi aliyezihifadhi zile za zamani alipinga kikomo hicho mwanzoni, akisema baadhi zingefaa kwa sampuli rahisi. Walikubaliana zitumike kufundishia ukataji na uunganishaji wa kapilari, na daftari la kolamu lina safu mpya tatu: shinikizo la kubana, umbali ambao mshindilio ulishuka, na namna ya kifo.